Mkurugenzi wa Vyoo Kumi na Viwili

Baba yangu, Boaz, ni kontrakta. Usipomuuliza pia atakwambia. Hapa Makongeni huvaa kofia ngumu ya mjengo hata akienda kununua maziwa.

Serikali hutenga tenda zingine kwa kampuni za wanawake. Baba aliposikia hivyo, alikumbuka ghafla kwamba ana mke. Akaandikisha kampuni kwa jina la Mama, akamwonyesha mahali pa kuweka sahihi, na Mama akarudi kwa geti ya kiwanda kuuza chai na mandazi. Nusu ya kina mama wa ploti yetu ni wakurugenzi wa aina hiyo. Ofisi zao hawajawahi kuziona.

Tukapata tenda ya vyoo vya shule moja Ruiru. Kabla msingi haujachimbwa, kampuni iliyoshindwa ikalalamika kwamba Mama ni jina tu. Barua ikaja: mkurugenzi afike ajieleze. Akionekana ni bandia, tenda inaenda, na kampuni inafungiwa kazi za serikali miaka mitatu.

Wiki nzima Baba alimfundisha.

"Mama Mitchell, simiti mfuko mmoja, mchanga ngapi?"

"Si nilikwambia jana, Baba Mitchell. Ni wewe unasahau."

Shule zilikuwa zimefungwa, nikaenda nao. Mwenyekiti wa kikao, Bi. Kaleli, akamwangalia Mama. "Ni vyoo vingapi?"

"Kumi na viwili," Baba akajibu kutoka nyuma.

"Msingi unaenda chini futi ngapi?"

"Inategemea udongo." Baba tena.

Bi. Kaleli akavua miwani. "Kila wiki naletewa mkurugenzi asiyejua kampuni yake inaitwaje. Mama, huyu ni nani?"

Baba alikuwa amepakata ile kofia kama mtoto mgonjwa.

"Nyumbani ni mume wangu," Mama akasema. "Kwa mjengo ni fundi wangu. Kazi anajua, shida ni mdomo."

"Ana barua ya kuajiriwa?"

"Bado nilikuwa naangalia kama anafaa."

Bi. Kaleli akasukuma karatasi. Mama akaandika barua hapo hapo, akamwonyesha Baba mahali pa kuweka sahihi. Kisha akajibu maswali yote yaliyobaki, mchanga na simiti, bila kugeuka nyuma. Tenda ikabaki kwetu.

Jumatatu Mama alienda Ruiru na ile kofia kichwani. Baba akamuuliza kama anaweza kutoka saa tisa, kuna mechi.

Mama akamwambia aandike barua.