Jiwe Kwenye Boya

Ilikuwa Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, nilipoingia karakana ya pampu za maji, Tabora mjini, na cheti changu cha kidato cha nne ndani ya bahasha. Nchi ilikuwa changa, na vijiji vya ujamaa vilitaka maji. Nilikuwa na haya mno; niliamkia nikitazama chini.

"Marahaba. Na sakafu imekuitikia?" Fundi Mkuu aliuliza, karakana nzima ikaangua kicheko. Nilipoomba ovaroli alisema za wanawake hazijaletwa, akanionyesha birika la chai. Sitaficha: nililia chooni.

Lakini nilisikiliza. Nilijifunza kwamba swichi ndogo haiwezi kubeba umeme wa mota kubwa, itaungua. Kwa hiyo swichi huiamsha rilei, yaani koili inayogeuka sumaku na kuvuta vibati vya shaba vigusane. Tak! Umeme mkubwa unapita. Kwenye tangi, swichi iliendeshwa na boya: maji yakishuka, boya linashuka na pampu inawaka, yakijaa, linaelea na pampu inazima. Hakuna mtu anayegusa kitu. Nilipenda kazi hiyo kupita kiasi.

Kijiji kimoja njia ya Kwihara kilifungiwa mtambo huo, na mota ikaungua. Ikaletwa nyingine, nayo ikaanza kunuka. Fundi Mkuu alinichukua niandike vipimo.

"Leo nisipoona sababu," alisema garini, "rilei nang'oa, naweka mtu wa kuwasha kwa mkono. Nawe utakwenda masjala kupanga mafaili, binti. Huku hutakuwa na cha kujifunza."



Kijijini tuliwakuta kina mama chini ya tangi. "Huyu naye fundi?" alicheka Mama Kalunde, kiongozi wa bustani ya kijiji. "Mikono laini hivi, si itaumwa na bisibisi!"

Fundi Mkuu alipoinamia boksi la rilei, nilijifunga khanga kiunoni nikashika ngazi ya tangi. Kicheko kikakatika.

"Shuka, mwanangu, utaanguka!"

Nikapanda. Maji yalikuwa yanafurika, na boya limezama: limefungwa jiwe kwa kamba ya katani. Swichi ilidhani tangi ni tupu, basi pampu ilivuta mpaka kisima kikakauka, ikavuta hewa, mota ikachemka.

Nikashuka. "Mama, jiwe la nini?" nilinong'ona.

Alielekeza kwa midomo mchicha na nyanya zilizopata maji ya kufurika. "Pampu ikizima, tunabeba ndoo. Ungekuwa wewe?"

Fundi Mkuu aliposikia alinguruma. "Wameua mota! Nawashtaki wilayani!"

Kwa mara ya kwanza nilimtazama usoni. "Mzee, rilei ina vibati vingine visivyo na kazi. Hugusana pampu ikizima. Tufunge taa hapo. Ikiwaka, tangi limejaa, kina mama wafungue maji ya bustani. Ikizimika, wafunge, pampu ijaze. Kisima kitapata kupumua."

Akamgeukia Mama Kalunde. "Na jiwe?"

"Taa yenu ikisema kweli, nitalisagia karanga."

Akanipa bisibisi. "Funga. Mimi nitashika ngazi."

Tuliunga bomba la bustani kwa vipande vilivyobaki kisimani. Jioni taa nyekundu iliwaka, kina mama wakapiga vigelegele, mchicha ukanywa. Tulipofika mjini Fundi Mkuu alizima gari. "Ovaroli zilizo stoo," alisema akifunga mlango wa gari, "sijaona zilipoandikwa ni za nani."

Nimestaafu sasa, baada ya kufunga pampu Kigwa, Lusu na kwingine kwingi. Mjukuu wangu huwasha taa ya uani kwa simu akiwa amelala kochini. Kiboksi ukutani kinalia tak, nami namwambia: rilei ile ile, bwana, imebadili nguo tu. Vijana mnaofunga mitambo ya kujiendesha, mkikuta mtu kaifungia jiwe, muulizeni kwanza analima nini.

Na mkiniuliza kazi yangu ilianza lini, sitataja Jumatatu ya birika. Asubuhi iliyofuata taa ile, nilivaa ovaroli, nikakunja miguu yake iliyonizidi, nikalipita birika, nikauliza ngazi iko wapi.