Pereira wa Musoma na Pereira wa Bunda

Stanislausi Pereira alishona nguo mtaa wa Kitaji, Musoma, miaka thelathini bila mtu kumuuliza jina lake lina maana gani. Baba yake alikuwa Mgoa wa India, karani wa serikali ya Mwingereza, aliyehamishiwa Musoma, akaoa mwanamke wa Kiriba, kisha akakataa kuhama tena. Stanislausi alirithi pua ya baba, subira ya mama, na cherehani moja. Wateja walimwita Fundi Perera, ikatosha.

Miaka ya uhaba alifumua uzi wa magunia ya unga ili watoto wapate kaptula za shule. Kisha mitumba ikaanza kuingia kutoka mpakani Sirari. Mafundi wenzake wakafunga vibanda, wakarudi ziwani kuvua. Yeye alibaki, akiyapunguza makoti ya watu warefu wa Ulaya yawakae watu wa Mara.

Mwaka 1986 binti yake Euphrasia, mwalimu wa shule ya msingi, akaposwa. Kijana alikuwa fundi redio wa Nyasura, Bunda, Mkatoliki, mpole, na babu yake naye alikuwa Mgoa. Aliitwa Clementi Pereira.

Getruda, mke wa Stanislausi, alizaliwa Butiama, na kwao binti haolewi mjomba asiporidhia. Basi kaka yake Makongoro akaja. Alikunywa uji taratibu, akauliza jina la kijana, akaliweka bakuli chini.

"Pereira na Pereira? Mnaozesha ndugu?"

"Si ndugu, shemeji. Babu zao hawakujuana hata."

"Kutojuana hakufuti ukoo. Mtu wa ukoo wangu hata nimkute Nairobi, ni dada yangu. Leteni kondoo tuvunje udugu, ndipo waoane."

"Nikitoa kondoo nimekubali kwamba udugu ulikuwepo," Stanislausi alisema. "Wajukuu wangu watachekwa shuleni kwamba wazazi wao ni kaka na dada."

"Basi niambie hilo jina mmelitoa wapi."

Stanislausi hakujua. Nyuma ya pazia Euphrasia alikuwa akikunja nguo ambazo zilikwisha kukunjwa.

Usiku haukupita kabla barua haijaandikwa kwa shangazi Lukresia, dada wa marehemu baba, huko Dar es Salaam. Majibu yalichukua wiki tatu. Makongoro akaitwa tena, na Stanislausi akasoma kwa sauti:

"Pereira kwa Kireno ni mti wa peasi. Usijisumbue kuutafuta katika ukoo wetu. Kijijini kwetu Goa haukuwepo. Ni jina la padri. Wareno walipobatiza, watu walichukua jina la padri au la aliyewasimamia. Mhunzi akawa Pereira, mkwezi wa minazi akawa Pereira, na wakaendelea kuoana kama zamani. Kijiji cha pili padri aliitwa Silva, yaani msitu, nao wote wakawa Silva. Sisi ni watu wa kaskazini mwa Goa. Hao wa Bunda, kwa ulivyonieleza, ni wa kusini. Padri wao alikuwa mwingine."

Makongoro alifikiri. "Mti wa peasi. Mnakulaga matunda yake, au ni mwiko?"

"Sijawahi kuuona, shemeji."

"Mwiko wenu mwepesi kweli!" Wakacheka, lakini yeye akarudi palepale. "Jina ni jina. Huwezi kulibeba ukasema si lako."

Getruda alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Kaka, ulipozaliwa ulilia siku ngapi?"

Kwao mtoto asiyenyamaza hutafutiwa marehemu anayetaka kuitwa tena duniani.

"Nne. Si unajua?"

"Na aliyekutaka alikuwa nani?"

"Makongoro, yule mgeni wa Ikizu aliyeugua njiani akafia kwetu."

"Ukawa wa ukoo wake?"

"Kwa nini niwe wa ukoo wake?"

"Na wifi yangu umemwoa wapi?"

Makongoro akatazama mlango. "Ikizu."

"Ukoo gani?"

"Wa huyohuyo mzee."

"Mlichinja kondoo kuvunja udugu?"

"Udugu gani, Getruda! Mtu kanipa jina, hakunipa damu..." Akasikia alichokisema. Kisha akaanza kucheka, mabega yakitikisika. "Wewe ulikuwaga hivihivi tangu tunachunga mbuzi."

"Kwa hiyo?" akauliza Stanislausi, barua ingali mkononi.

"Kwa hiyo kondoo aje. Lakini wa kula."

Nyuma ya pazia kukasikika kicheko kilichozibwa kwa kiganja.

Mwezi wa tisa Euphrasia na Clementi walifunga ndoa. Padri aliandika jina la mume kwenye kitabu, akaandika la mke, akainua macho juu ya miwani.

"Hawa ni ndugu?"

Makongoro alisimama kabla mtu hajafungua kinywa. "Si ndugu, Padri. Majina hayo mliwapa ninyi."

Padri akatabasamu, akasogeza kalamu. Euphrasia akatia saini ileile aliyoitia siku zote.