Mgomba Uliovaa Jaketi ya Wafula

Nakumbuka mchana mmoja hapa mtaani Kianda, mwanangu, walipoleta shina la mgomba chumbani kwetu ili tulizike badala ya kaka yangu. Sijui kama nitaeleza vizuri; shule yangu iliishia darasa la saba.

Kaka yangu Wafula alikuwa baharia kwenye meli ndogo ya doria, zile zinazolinda pwani dhidi ya magendo na wezi wa samaki. Meli ikapoteza mawasiliano. Ndege ilitafuta, haikuona kitu. Siku zikawa nyingi. Kwetu Bungoma, aliyepotelea majini huzikwa kwa mgomba. Basi Baba Mdogo akakata shina la urefu wa Wafula, akalivalisha jaketi yake, akalifunika shuka mahali pa uso. Tungeondoka nalo na basi la jioni.

Simlaumu. Ndiye aliyemfunza Wafula kuogelea, na alikuwa hali chakula tangu habari ifike. Majirani nao walijaribu kutuchangamsha.

"Huyu amenenepa, bwana. Wafula hakuwa na kiuno hivi!"

Tulicheka kidogo tu, kwa sababu maji yalikuwa yakitoka kwenye mkono wa jaketi yakidondoka sakafuni. Mgomba hutoa maji, najua. Nilipopangusa, kidole kiligusa mdomo. Chumvi. Lakini nilikuwa nalia, kwa hivyo siwezi kuapa.

Nyanya yetu, tuliyemwita Kukhu, akainuka kitandani.

"Nani alimwona amekufa?"

"Mama, hata serikali imenyamaza," Baba Mdogo akasema. "Unangoja nini?"

"Nangoja mtu. Ukizika hii kitu, halafu arudi, ataingia boma kwa mlango gani? Aliyezikwa harudi nyumbani. Na bibi yake utamwambia yeye ni nani, mke au mjane?"

Nikamwomba aache, anatuongezea uchungu. Akanigeukia.

"Wewe unataka kulia haraka ndio umalize. Si Wafula alituambia? Mabaharia wakikuta mashua tupu hawaendi hivyo tu. Wanaizunguka wakiita."

Akachukua fimbo, akatoka, akaanza kuizunguka ploti yetu ya vyumba vya kupanga. "Wafula! Weee, Wafula!" Jua lilikuwa kali. Redio za majirani zikazimwa moja moja. Ndipo nikasikia mtu akiitika, upande wa mabati usio na mlango. Labda ni jirani. Ploti ina watu wengi. Lakini Baba Mdogo naye aliingia ndani, akaifunua ile shuka, akakaa chini. Basi la jioni likaondoka bila sisi.

Siku kadhaa baadaye Wafula alirudi, amekonda. Injini ilikufa, redio ikafa, mkondo ukawabeba mbali hadi meli ya mizigo ikawaokota.

"Nilikuwa nimelala, nimekata tamaa," alituambia, "kama nimefunikwa kitambaa usoni. Nikasikia naitwa. Nikaitika, nikafungua macho, nikaona ile meli."

Sisemi ni Kukhu aliyemwita. Mtu mwenye kiu husikia mengi.

Ila nakuambia hivi, mwanangu: mtu wako akinyamaza, usiwe wa kwanza kumwita marehemu. Uliza nani alimwona. Mwite. Ngoja, hata watu wakichoka nawe. Na anayeharakisha kuzika usimtukane, pengine uchungu umemzidi. Mungu akutunze nchi kavu na majini, na popote utakapopotelea, usikose mtu wa kuzunguka akikuita.