Vibati vya Kamanda

Mkuu wetu wa usalama kwenye karakana ya meli ya Jebel Ali, Dubai, alikuwa kamanda mstaafu wa jeshi la majini la Poland, na mimi sikumpenda hata kidogo. Mtoto wa mkulima wa viazi, alianza kazi kwa kutegua mabomu ya baharini kule Baltiki, akapanda ngazi hadi akakabidhiwa meli ya kivita. Kwetu alileta sheria moja: ukiingia tangi la meli unatundika kibati chako chenye namba ubaoni, ukitoka unakitoa kwa mkono wako mwenyewe. Tulimwita Mzee Vibati, tukicheka kisogoni mwake.

Mlinzi wa ubao nilikuwa mimi. Siku hiyo joto lilikuwa la kuchemsha ubongo, na basi la kurudi kambini halimngoji mtu. Basi sisi Wakenya tulikuwa na huruma zetu za kijinga: mwenzako akichelewa, unamtolea kibati, akitoka akimbilie basi. Nikamwona mshkaji wangu, mchomeleaji tuliyelala naye chumba kimoja, akitokeza kichwa mlangoni mwa tangi. Nikatoa chake, nikageukia wengine. Kumbe alirudi chini kuchukua glavu.

Kamanda akaja, akaukagua ubao mtupu, akaniuliza kama wote wametoka. Nikajibu wametoka, tena kwa kiburi. Yalla, haya basi, mfuniko ukafungwa, boliti zikakazwa, pampu ikaanza kujaza tangi maji ya kulipima kama linavuja.

Kwenye basi sikumwona. Nikamuulizia mbele, nikamuulizia nyuma, hayupo. Nilijua nikisema, kazi imekwenda na visa nayo, na nyumbani watoto wangu wananitegemea mimi tu. Nikajidanganya kwamba labda yuko chooni. Kisha nikateremka nikikimbia hadi kwa kamanda.

“Sir, nilimtolea kibati,” nikamwambia. “Sikumwona akitoka.”

Hakunitukana. Uso ulimbadilika rangi, akapaza sauti pampu izimwe, akanyakua spana, akafungua zile boliti mwenyewe. Nami nilifungua upande wa pili nikiomba Mungu waziwazi, sina aibu kulisema. Tulipouinua mfuniko tulimkuta amekumbatia ngazi, maji kifuani, sauti imemkauka. Alikuwa amegonga muda wote, ila pampu ilimeza kila kitu.

Walipomchukua kwenda kwa daktari, yule mzee akaketi chini palepale kwenye mafuta na kutu.

“Kwenye meli yangu mimi niliambiwa wote wametoka, nikaamuru mlango ufungwe,” akasema. “Wangu waliofia ndani walikuwa wawili. Hakuna aliyerudi mbio kuniambia.”

Nikadhani amenisamehe. Asubuhi akaniita ofisini, akanisukumia barua ya kufukuzwa kazi, akangoja bila kuniangalia. Na mimi, mtu wa kubishana hata na kivuli changu, nikaomba kalamu. Nikatia sahihi.