Kijiko cha Katibu

Katibu wa chama chetu cha wafanyakazi hakorogi chai kimyakimya. Kule kiwandani, wakati wa mapumziko, kijiko chake hugonga kikombe kama kengele ya shule, na wenzangu wa kushona vifungo hucheka: "Haya, mzee anaita mkutano!" Kidole chake cha shahada hakina ukucha, uliliwa na sindano ya cherehani, na ndicho anachogongea meza akituapia: "Saa yenu ya kwenda kunyonyesha haiguswi, mama zangu. Labda wanizike kwanza."

Mwezi huu serikali, waajiri na chama walikaa kuandika mkataba mpya, nami nikaitwa kumimina chai. Utaratibu wao ni mmoja: kifungu kinasomwa, asiyekitaka anagonga meza; wote wakinyamaza, kimepita. Katibu aligonga kutetea sare. Akagonga tena kutetea usafiri wa viongozi. Kisha mtu wa serikali akasoma, "Saa ya kunyonyesha ifutwe." Nilikuwa nyuma ya Katibu na birika, mwanangu wa miezi mitano nimemwacha kwa bibi yake. Kile kidole kilishika kijiko, kikakoroga taratibu, katikati kabisa, kisiguse kikombe. Sijawahi kumwona akikoroga hivyo.

"Kimepita," wakaandika.

Mlangoni alinirudishia kikombe. "Tumepambana, mwanangu. Na chai yako tamu kweli."

"Asante, baba," nikamwambia, nimekibana kikombe kifuani kuificha blauzi iliyokwisha kulowa maziwa.