Pikipiki ya Tatu Barabara ya Kibumba

Siku yangu ya kwanza kazini sikurekodi neno hata moja. Mkuu wa sauti wa redio niliyoanzia hapa Goma alinivisha spika za masikioni, akanikabidhi maikrofoni, akanituma nikarekodi chumba kitupu. Nilidhani ananichezea. "Kila fasi iko na kimya yake," aliniambia bila kucheka. "Usipoichukua, mutu atasikia fasi ulikata." Nyie vijana mnaofuta kelele kwa kubonyeza kitufe hamjui adha hiyo. Sisi, kila tulipomaliza mahojiano, tuliwanyamazisha watu wote, tukarekodi kimya cha mahali pale, kisha tukakilaza chini ya maneno kuziba mapengo ya mahali tulipokata.

Kutoka redioni nilihamia kwenye video za harusi, chini ya bosi aliyependa honi za magari kuliko bibi harusi. Mvi zilipokwisha kunijaa, nikaitwa kwenye filamu. Ilihusu ndugu wawili wa mtaa wa Murara wanaoshindana mbio za pikipiki, na ndugu wenyewe ndio waliocheza: Kambale na Kasereka. Mnande yeyote, mtu wa kabila lao, akisikia majina hayo anajua ni mtoto wa pili na wa tatu, kisha anauliza wa kwanza yuko wapi. Mumbere, kaka yao, alikuwa amembeba abiria kwenda Bunagana miaka iliyopita. Hakurudi, yeye wala pikipiki yake. Mama yao alikataa katakata kuweka matanga. Kila walipokula alimpakulia Mumbere sahani yake, na wadogo zake walikula bila kuitazama.

Mbio za mwisho tulizipiga picha Kibumba, asubuhi, ukungu umeshukia mashamba ya kabichi. Zilipokwisha, mwongozaji aliamuru injini zote zizimwe, nikaanza kurekodi kimya. Ndipo niliposikia pikipiki masikioni, ikitoka upande wa Rutshuru, njia ile ile ya kutoka Bunagana, ikikohoa kila ilipobadilishwa gia. Nilikasirika, nikainua kichwa nimkaripie mpita njia huyo. Barabara ilikuwa tupu. Nilivua spika, sikusikia kitu. Nilipozivaa tena, ilikuwa imekaribia zaidi. Niliogopa, sifichi. Baadaye, Kasereka alipoisikiliza sauti ile, alisema neno moja tu, "Yaya," ndivyo alivyomwita Mumbere, akaenda kujifungia ndani ya gari.

Mwongozaji, kijana asiyeshaurika, aliamua kimya hicho kilazwe chini ya mbio za mwisho kama kilivyo. Filamu ikatoka, na wahakiki nao wakatoka. Mmoja wa ng'ambo aliandika kwamba injini isiyoonekana ni kifo kinachowakimbiza ndugu hao, akatusifu kwa ubunifu. Mwingine aliandika kwamba fundi wa sauti ni mzembe, nami nilimtukana peke yangu jikoni. Wote walikubaliana kwamba vijana wale wakitembea kwa miguu wanaigiza kama mbao, wakipanda pikipiki wanafufuka. Hapo sikuwa na ubishi.

Filamu ilipoonyeshwa Goma, mama yao alikaa mstari wa mbele. Injini ya tatu ilipoanza kukohoa alisimama wima, watu wa nyuma wakalalamika, hakuketi. Taa zilipowashwa alinifuata moja kwa moja, wanawe nyuma yake.

"Muzee, njo wewe uliyechukua ile sauti?"

Nilikubali.

"Pikipiki ya mutoto wangu. Ilikuwa inaenda ao inakuya?"

Ningeweza kumwambia ni mitambo tu. Lakini sauti inayoondoka hufifia, inayokuja hukua, na ile ilikuwa imezidi kukua mpaka mwisho. Mtu wa kazi yangu hawezi kukosea jambo hilo.

"Inakuya, mama. Ilifika pale tulikuwa, ikazimika."

"Haikuondoka tena?"

"Hapana."

Alinishika mkono, wake ukiwa baridi sana. Hakulia. "Basi amefika," alisema, kisha akamgeukia Kambale. "Uende utafute viti. Kesho tunaweka matanga."

Nilistaafu baada ya filamu ile. Watu huniuliza kama ninaamini mizimu, nami huwajibu kwamba nilisomea sauti. Wahakiki, nasikia, bado wanabishana juu ya maana ya injini ya tatu. Mimi nilikula chakula cha matanga ya Mumbere, na sina la kubishana na mtu.