Uzi wa Kakule

Ukitaka kumjua Ernestine, mtazame anapopima kitenge. Hampunji mtu hata kidole kimoja, na mteja mbishi atataniwa mpaka acheke mwenyewe. Kazi hiyo alifundishwa na Mama Hansa, Mhindi mwenye duka pale Birere, katikati ya Goma. Walikaa pamoja miaka mingi hata wakawa wanaonjeshana vyungu na kuelezana mambo ya nyumbani.

Kila Agosti Mama Hansa alimfunga kaka yake uzi mwekundu kwenye mkono wa kulia. Ndiyo mila ya Wahindu: dada hufunga uzi na kumwombea kaka yake heri, kaka naye huahidi kumlinda. Ernestine, Mkatoliki asiyekosa misa, aliupenda uzi ule mpaka akaomba wake. Akamfunga mdogo wake Kakule, aliyebeba abiria kwa pikipiki kati ya Munigi na Kibati.

"Usiitoshe," alimwambia, yaani asiuvue. "Mupaka ikatike yenyewe."

Maneno hayo hayakutoka kwa Mama Hansa. Yeye alikuwa amemweleza wazi kwamba baada ya juma moja uzi unaweza kufunguliwa, hakuna ubaya. Ernestine aliona juma moja ni kidogo mno. Alimpenda yule kijana kupita kiasi, basi akajitungia sharti lake.

Januari vita vikausogelea mji. Wapiganaji wengi vijana walivaa kamba za dawa mikononi, wakiamini zinazuia risasi, na adui zao wenye silaha barabarani, wakiwasaka, wakaanza kukagua mikono ya kila kijana. Onésime, mwendesha pikipiki mwenzake, alimsihi Kakule auvue uzi ule. Kakule akacheka tu.

"Dada alinikataza," alisema.

Kwenye kizuizi kimoja kupita Kibati wakamshusha. Onésime, aliyekuwa nyuma yake, alimsikia akieleza kwamba ni uzi wa dada yake, mambo ya Wahindi. Nani angemwamini, jamani? Kesho yake uliletwa mwili.

Mama Hansa alifika Munigi kwenye matanga kwa miguu, maana siku zile magari yalikuwa hayapiti. Alivua viatu, akaketi mkekani na wanawake wengine. Mama mzazi wa Ernestine alipomwona, alisimama akishika ukuta.

"Dawa yako njo imeniulia mutoto! Toka hapa!"

Mama Hansa alimtazama Ernestine mara moja, kisha akainamisha kichwa. Neno moja tu lingetosha kumtetea, lakini hakulisema. Akaanza kutafuta viatu vyake mlangoni.

Ernestine angeweza kunyamaza. Kila mtu pale alikuwa tayari kumlaumu mgeni, na yeye angebaki mtoto wa mama yake. Aliogopa kuliko alivyoogopa mabomu.

"Mama, umuache," alisema. "Yeye aliniambia inatoshwa nyuma ya juma moja. Mimi njo nilimukataza Kakule. Mimi."

Wanawake wakaacha kulia. Mama yake alimkazia macho. Kisha akauachia ukuta alioushika, akakaa chini taratibu, akampa mgongo. Alipoanza kulia tena, alikuwa analilia watoto wawili.